Ulimi wa Kazini na Ulimi wa Nyumbani

Yumkini umepata kusimuliwa na wazee habari za wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walioacha mashine zao kwa sababu ya maneno. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikishika kifungu hicho barabara. Katika miaka miwili iliyofuata migomo ilizuka katika viwanda kadhaa, na kuna mameneja waliofungiwa nje ya lango. Madai hayakuwa ya mishahara peke yake. Mara nyingi watu walilalamikia matusi na kudharauliwa mbele ya wenzao. Mtu mzima, mwenye watoto wa kulisha, alikuwa radhi kuhatarisha ujira wake ili asiitwe mjinga.

Jambo hilo hunijia akilini jioni, nipitapo katika vichochoro vya mtaa wetu, madirisha yakiwa wazi kwa ajili ya joto. Yule yule asiyestahimili neno la dharau la msimamizi wake, akifika nyumbani anasemaje? Mkewe amehangaikia maji na mkaa tangu mchana. Bwana anaonja mchuzi: "Leo umemwaga duka zima la chumvi?" Watoto wanacheka. Mama naye anacheka, maana afanyeje? Hana lango la kumfungia mtu nje.

Nami nisijitoe. Mwanangu alipokuwa darasa la nne aliniletea daftari la hesabu: alama 38 kati ya 50. Nikamwuliza, "Na hizo 12 umemwachia nani?" Nilidhani natania. Kwa wiki nyingi baadaye sikuliona tena daftari lile. Kila nikiuliza, liko kwa mwalimu. Mama yake ndiye aliyelikuta chini ya godoro. Ndani yake mlikuwa na alama 29, kisha 22. Makosa ambayo ningeweza kumsaidia kuyasahihisha mtoto alikuwa akiyalalia usiku kucha, kwa kuwa alijua baba atasema nini.

Wapo watakaosema kuwa upole wa namna hii ni kudekeza. La hasha! Jirani yetu mmoja ni fundi cherehani. Siku mbili kabla ya sikukuu mwanafunzi wake aliushona mkono wa shati nje ndani, na mwenye shati yuko hapo hapo kwenye benchi anasubiri. Mafundi wengine ningewasikia hadi barabarani. Huyu alimwita kijana ndani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mshono wako umenyooka. Sasa utazame mkono wenyewe, umekaaje?" Kijana akautazama, akachukua wembe, akafumua. Shati lilirudiwa, na kwa hakika mwenye shati alichelewa; hilo fundi hakulificha. Ila maneno yake yalikuwa juu ya mkono wa shati, si juu ya kijana. Ukimwambia mtu kuwa mkono umekaa vibaya, anajua pa kuanzia. Ukimwambia yeye ni mjinga, afumue nini?

Na ile sifa ya mshono haikuwa ya kumbembeleza. Nilikwenda kuutazama mwenyewe. Ulikuwa umenyooka kweli. Watoto hasa huitambua upesi sifa ya uongo, na wakiisha kuitambua hawakuamini tena hata unaposema kweli.

Usiku ule lilipopatikana daftari, nilimwita mwanangu mezani nikamwomba radhi. Kwa wengi wetu tulio baba, neno hilo ni zito kuliko gunia la mchele. Hakujibu kitu. Tukaanza na hesabu za sehemu. Ya kwanza akapata. Ya pili akakosa, na kabla ya kulitazama daftari alinitazama mimi usoni.

Nikamwambia, "Hebu nionyeshe ulivyoifanya."