Je, Wajua? Theluji Kwenye Ekzosi Huweza Kuua

Dhoruba ya theluji iliyoipiga Buffalo, Marekani, wakati wa Krismasi ya 2022 iliua makumi ya watu, na baadhi walikutwa ndani ya magari yao. Kwenye gari lililokwama, baridi siyo hatari pekee: theluji ikiziba ekzosi, moshi huingia ndani ukiwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kuna atakayesema kwamba injini ikizimwa ili kuepuka moshi huo, abiria wataganda, na hoja hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa wa nchi hiyo hushauri iwashwe dakika 10 hivi kila saa, dirisha likiachwa wazi kidogo. Lakini dirisha peke yake halitoshi. Kabla ya kuwasha, shuka uifukue ekzosi, na urudie kila theluji inapoongezeka.