Kweli au Si Kweli: Ionosfia na Ishara za Setilaiti

Ishara yoyote inayoshuka kutoka setilaiti hadi ardhini hupita kwenye ionosfia, tabaka la angahewa linaloanzia kilomita 60 hivi juu yetu na kupanda hadi karibu 1,000. Huko, miale ya jua hubandua elektroni kutoka kwenye atomi na molekuli za hewa, na elektroni hizo ndizo zinazoyachezea mawimbi ya redio. Yapo mengi yanayosemwa juu yake. Tuyapime.

1. “Ionosfia hurudisha chini mawimbi yote ya redio.”

Si kweli. Linaloamua ni masafa ya wimbi. Matangazo ya mawimbi mafupi huvuka bahari kwa sababu ionosfia huyapinda yakarudi ardhini. Yakizidi megahezi 30 hivi, kwa kawaida hupenya na kwenda zake. Ndiyo maana GPS hutumia megahezi 1,575.42.

2. “Ishara ikishapenya, haiguswi tena.”

Si kweli. Hupenya, lakini huchelewa. GPS hupima umbali kwa kuhesabu muda wa safari ya ishara, na sekunde moja ikigawanywa vipande bilioni moja, kila kipande ni sentimita 30 za umbali. Ionosfia huweza kuongeza mita chache usiku, na makumi ya mita adhuhuri jua linapochachamaa. Kipokezi cha masafa mamoja hurekebisha kosa hilo kwa makadirio yanayotumwa na setilaiti, ambayo huondoa takribani nusu yake. Vipokezi vya wapima ardhi hupokea masafa mawili au zaidi. Kwa kuwa kila masafa huchelewa kwa kiasi chake, tofauti kati yao hufichua kosa, nalo huondolewa karibu lote.

3. “Mvua ikikata picha ya televisheni, ionosfia imevurugika.”

Si kweli. Mawingu ya mvua kwa kawaida hayafiki hata kilomita 20. Ishara za madishi mengi ya nyumbani hufikia gigahezi 12, karibu mara nane ya masafa ya GPS, na uchelewaji hupungua kwa mraba wa masafa: mara 60 hivi. Anayekata picha ni tone la mvua lenyewe, linalofyonza na kutawanya ishara.

4. “Jua likizama, ionosfia hutulia.”

Nusu kweli. Elektroni hupungua, na tabaka la chini kabisa hutoweka. Ndiyo sababu usiku redio ya AM hunasa stesheni za mbali. Lakini karibu na ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako mistari ya sumaku ya dunia hulala sambamba na ardhi, baada ya magharibi, viputo vyenye elektroni chache huchomoza kutoka chini na kupasua tabaka la juu. Ishara inayopita humo humetameta kama nyota: mara ina nguvu, mara imefifia, hadi kipokezi kinaipoteza. Hapo hata masafa mawili hayasaidii, kwani ishara isiyofika haina cha kulinganishwa.

5. “Hayo ni ya nchi za baridi, sisi wa ikweta tumesalimika.”

Si kweli. Barani Afrika ikweta ya sumaku hupita Ethiopia. Mchana elektroni huinuliwa juu yake, kisha huteremka kwa kufuata mistari ya sumaku na kurundikana nyuzi 15 hivi kila upande. Rundo la kusini huangukia maeneo ya Tanzania. Hata Waitalia waliorusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, Aprili 1967, waliipa pia kazi ya kupima elektroni za ionosfia.

6. “Dhoruba ya jua inaweza kusimamisha trekta.”

Kweli. Mei 2024, dhoruba kali ya jua ilivuruga ionosfia na pamoja nayo GPS, na baadhi ya wakulima wa Marekani wanaoongoza matrekta kwa setilaiti wakasitisha kupanda.

Kwa anayepima kiwanja au barabara katika ukanda wetu, ushauri ni huu: vipimo vinavyodai usahihi wa sentimita vifanywe asubuhi. Jihadhari zaidi na saa za kuanzia magharibi hadi usiku wa manane, hasa karibu na Machi na Septemba, katika miaka ambayo jua limefikia kilele cha mzunguko wake wa miaka 11. Kifaa kikikataa saa hizo chini ya anga lililo wazi, subiri kuche kabla ya kumwita fundi.