Mchumba, Cherehani na Redio ya Mbali: Matembezi Kwenye Tovuti Usizozijua

Hebu chukua simu yako uangalie. Kuna WhatsApp, kuna Facebook, kuna TikTok, na labda programu moja ya kubashiri mechi ambayo hutaki mtu wa nyumbani aione. Bando ya wiki nzima inaishia hapo. Na huku nje kuna tovuti chungu nzima: za kutafuta mchumba, za kuuza meza ya mkono wa pili, za kusikiliza redio ya nchi ambayo hutawahi kufika, hata moja ya kuchungulia dirishani kwa mtu usiyemjua.

Leo tunatembea huko. Lakini kwa kuwa hapa tunaongea mambo ya pesa, kila tutakapofika nitauliza swali moja: hapa pesa inatoka saa ngapi, na inaenda kwa nani? Mimi mwenyewe siku moja sikuliuliza, ikanigharimu Sh4,500.

Cherehani ambayo haikufika

Dadangu alikuwa anaanza kazi ya ushonaji. Nikapata duka mtandaoni linalouza cherehani za mkono wa pili, bei karibu nusu ya zile za mjini. Picha safi kabisa, cherehani imewekwa juu ya kitambaa cha maua. Muuzaji alikuwa na adabu zake, kila sentensi "madam". Akaniambia kuna wateja wengine wawili wanaitaka hiyo hiyo, kwa hivyo nitume nusu anishikilie, na nikitaka mambo yaende haraka nitume na ya kutoa.

Namba aliyonipa haikuwa Till. Ilikuwa namba ya simu ya kawaida. Jina lililojitokeza kwenye skrini kabla ya PIN halikufanana hata kidogo na jina la duka. Nililiona, wallahi nililiona. Nikajiambia labda ni la mke wake. Nikaweka PIN.

Jioni hiyo namba haikupatikana. Nilipoomba pesa zirudishwe, zilikuwa zimeshatolewa, na pesa ikishatolewa hakuna cha kurudisha. Mtu anayeandika makala za kuwaonya wateja alikuwa amechezwa mchana kweupe.

Kesho yake nikafanya kile ambacho ningefanya siku iliyotangulia. Nikaichukua ile picha na kuipakia TinEye, tovuti iliyoanza 2008 ambayo kazi yake ni moja tu: unaipa picha, inakuonyesha ni wapi kwingine kwenye mtandao picha hiyo imewahi kutokea. Cherehani yangu, na kitambaa chake cha maua, ilikuwa kwenye tangazo la nchi nyingine kabisa. Haikuchukua hata dakika mbili. Google Lens, ambayo huenda tayari iko kwenye simu yako, nayo hufanya kazi hiyo hiyo.

Kuna nyingine ya ajabu ambayo sasa siachani nayo. Inaitwa Wayback Machine. Ni mali ya Internet Archive, shirika la Marekani ambalo tangu 1996 limekuwa likiweka nakala za kurasa za mtandao, na 2001 likafungulia watu wote ghala hilo. Unaandika anwani ya tovuti, unaletewa kalenda, unabofya tarehe na kuuona ukurasa ulivyokuwa siku hiyo. Wengi huingia huko kucheka tu, maana tovuti za mwaka wa 2000 zilikuwa na rangi za kuumiza macho. Lakini duka likisema "tunakuhudumia tangu 2009" na nakala yake ya kwanza ni ya mwezi uliopita, una haki ya kuuliza. Si ushahidi kamili, kwa sababu si kila tovuti huhifadhiwa. Kama anwani inaishia na .ke, ingia pia kwa KeNIC, wasimamizi wa anwani hizo hapa Kenya, utafute ilisajiliwa lini.

Supermarketi na Gikomba

Watu wengi huchanganya tovuti za kununua, na hapo ndipo matapeli hupitia. Kuna zile ambazo ni kama supermarketi: Jumia, Kilimall. Unalipa kupitia mfumo wa tovuti yenyewe, kuna namba ya oda, kuna utaratibu wa kurudisha bidhaa. Halafu kuna zile ambazo ni kama Gikomba: Jiji, PigiaMe. Hizi ni za matangazo. Tovuti inakukutanisha na muuzaji, basi. Haishiki pesa yako, haikuletei mzigo. Jiji wenyewe wanawaambia wanunuzi wasilipe kabla, hata pesa ya usafiri wa mzigo, wakutane mahali pa wazi na kukagua bidhaa kwanza.

Mimi naipenda hiyo ya Gikomba zaidi, nikisema ukweli. Ndiko utapata kabati la mtu anayehama wikendi hii na hataki kulibeba. Lakini Gikomba huwezi kumlipa mtu wa viatu ukiwa kitandani kwako, si ndiyo? Unashika kiatu, unakunja soli, unanusa, ndiyo mkono uende mfukoni. Mtandaoni pia ni hivyo.

Ukinunua pikipiki au gari, usiridhike na nakala ya logbook ambayo muuzaji amekupigia picha. Ingia kwa tovuti ya NTSA, ulipe ada ya kutafuta rekodi, uone gari limesajiliwa kwa jina la nani. Kama jina hilo si la mtu aliyesimama mbele yako, funga mazungumzo.

Na kama wewe ndiye unayeuza, tahadhari yako ni tofauti. Usimkabidhi mtu kitu kwa sababu umeona ujumbe wa "umepokea". Ujumbe wa uongo unaweza kuandikwa na mtoto wa shule. Angalia salio. Pesa kama haiko kwa salio, haijafika, hata kama mnunuzi ana haraka na boda inamngoja nje.

Kabla sijasahau, wapenda vitabu: Nuria ni duka la mtandaoni la hapa nyumbani ambalo lina vitabu vingi vya waandishi Wakenya, wengine wakiwa wamejichapishia wenyewe.

Mapenzi, na suala la nauli

Tinder unaijua: tangu 2012 watu wanatelezesha kidole kulia wakimpenda mtu, kushoto wakimkataa. Badoo ni nzee zaidi, ya 2006. Bumble ilianza 2014 na ikapata jina kwa kumwachia mwanamke neno la kwanza. Waislamu wanaotafuta ndoa wana Muzz. Ukienda mbali zaidi unakuta vituko. Marekani kuna FarmersOnly, tangu 2005, ya wakulima na watu wa mashambani ambao wamechoka kueleza kwa nini hawawezi kutoka wakati ng'ombe hawajakamuliwa. Palikuwa na Bristlr pia, iliyowakutanisha wanaume wenye ndevu na watu wanaopenda ndevu. Usicheke sana. Kuna mtu alipata mke huko.

Hapa kwetu mapenzi ya mtandaoni yana kipimo chake, nacho ni nauli. Mnaongea wiki mbili, anakubali kuja, anasema hana nauli, unatuma, na simu inazimwa. Tumeipa hata jina: "kula fare". Wanaume hulalamika sana juu ya jambo hili, na mimi huwahurumia kidogo, lakini pia huwauliza: kwani hakuna mahali pa katikati mngekutana, kila mtu ajifikishe? Mkutane mchana, kwenye mkahawa wenye watu, na rafiki yako ajue uko wapi. Ukitaka kumrudishia nauli, mrudishie mkiwa mmeketi pamoja. Ni pesa ile ile, lakini sasa umemwona.

Nauli ikiliwa ni Sh500, utaumia na kusahau. Hatari kubwa ni yule ambaye haombi kitu kwa miezi mitatu. Yuko ng'ambo, ni daktari au mwanajeshi au mhandisi wa meli, anakuamkia kila asubuhi, na anataka muhame upesi kutoka kwa tovuti mwende WhatsApp, mahali ambapo wasimamizi wa tovuti hawawaoni. Kisha siku moja amekutumia zawadi, na zawadi imekwama uwanja wa ndege. Unapigiwa na "wakala wa forodha" akikupa namba ya simu ya kutuma ushuru.

Hapo simama. Malipo ya KRA huwa na hati yenye namba ya usajili wa malipo, na hayaingii kwenye simu ya mtu binafsi. Chukua picha za huyo mpenzi uzipitishe TinEye kama nilivyofanya na cherehani. Tena fanya hivyo wiki ya kwanza, kabla moyo haujazama, kwa sababu baadaye hata ukiuona ukweli utautafutia sababu. Mimi nilimtafutia sababu muuzaji wa cherehani, na hata sikuwa nampenda.

Jambo jingine ambalo watu hutuuliza: "Mbona nimeifuta hiyo programu na bado nakatwa pesa?" Kwa sababu kuifuta kwenye simu si kusitisha usajili wa kulipia. Usajili hujirudia wenyewe mpaka uuzime. Kwa Android, fungua Play Store, bonyeza picha yako juu pembeni, nenda sehemu ya malipo na usajili, uzime kutoka huko. Fanya hivyo hivyo kwa kila kinachosema "jaribu bure siku saba" huku kikiomba namba ya kadi. Weka kengele kwa simu ilie siku ya sita.

Za kupitisha wakati tu

Sasa tupumzike. Radio Garden ilianza 2016 kutoka Uholanzi. Unaona dunia nzima ikizunguka, imejaa nukta za kijani, na kila nukta ni mahali penye redio. Gusa, na unasikiliza kinachosikika huko wakati huo huo. Haina malipo. Stesheni inayorusha kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde itakula kama megabaiti 58 kwa saa, kwa hivyo kwa bando ndogo usilale nayo ikiwa wazi. Kuna jirani yangu mzee aliyefanya kazi melini miaka mingi. Nilimfungulia redio za bandari alizowahi kutia nanga, na nikarudishiwa simu yangu saa mbili baadaye, chaji ikiwa imeisha.

WindowSwap ilizaliwa 2020, wakati watu walikuwa wamefungiwa nyumbani kwa sababu ya corona. Waliianzisha mume na mke kule Singapore. Watu hurekodi mandhari ya dirisha lao kwa dakika kumi na kuyatuma. Wewe unabofya na kujikuta ukitazama mvua ya mtu mwingine, paka wa mtu mwingine. Hakuna kinachotokea, na huo ndio utamu wake. Ni video, kwa hivyo ingoje Wi-Fi.

GeoGuessr, ya Sweden, 2013, inakutupa barabarani mahali popote duniani kwa picha za Google Street View, halafu unakisia uko wapi. Wachezaji wazoefu wa nchi za mbali huitambua Kenya hata kabla ya kuona matatu: gari la Google lililopiga picha huku lilikuwa na bomba jeusi la kuvutia hewa, na linaonekana kwenye picha. Siku hizi wanataka ulipe ukitaka kucheza sana, na unajua sasa cha kufanya na usajili.

Mwenye watoto asikose African Storybook. Hadithi fupi za picha, bure, kwa Kiswahili, Gĩkũyũ, Dholuo, Maa na lugha nyingine nyingi za Afrika. Unaweza kupakua ukiwa na mtandao na kumsomea mtoto baadaye bila bando.

Ukitaka kutoka nyumbani kabisa, tiketi za SGR hupatikana metickets.krc.co.ke au kwa *639#, na kiingilio cha mbuga za KWS hulipwa kupitia eCitizen. Andika anwani hizo mwenyewe. Usifuate kiungo ulichotumiwa kwenye grupu, hasa msimu wa Krismasi wakati kila mtu anatafuta kiti cha Mombasa.

Cherehani iliyofika

Mwezi wa tatu nilirudi kutafuta, safari hii kwenye tovuti ya matangazo. Nikampata mama mwenye duka dogo la vifaa vya ushonaji. Picha yake ilikuwa mbaya, imepigwa usiku, na TinEye haikuipata popote pengine. Hakuomba hata shilingi. Aliniambia, "Kuja na fundi wako ajaribu." Dadangu akabeba kipande cha kitambaa, akaketi, akashona mistari mitatu, akaigeuza cherehani chini juu, akalalamika juu ya mkanda, akapunguziwa Sh300. Nikaingiza namba ya Till. Jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa ndilo lile lililoandikwa kwa rangi ya bluu juu ya mlango. Nikainua macho nikalisoma mara mbili, mama yule akanitazama kama mtu asiyejua kusoma vizuri, ndipo nikaweka PIN.