Zinki Isilike Bure

Katika betri ya zinki na shaba, zinki lazima ilike taa inapowaka. Hizo ndizo kuni zake. Hasara ni kulika taa ikiwa imezimwa. Maji ya mrututu yakiigusa zinki, huiachia chembe nyeusi za shaba, na kila chembe hugeuka kijibetri cha kuila.

Mwaka 1836, John Frederic Daniell wa London alitenganisha vimiminika kwa umio wa ng'ombe! Hapa Malindi, Lushoto, tuna chungu cha udongo: zinki ikae ndani kwenye maji ya chumvi, shaba na mrututu nje. Utapata volti 1 hivi.

Chungu huchelewesha tu mrututu, hakiuzuii. Ukizima taa, toa zinki, isuuze, ifute. Chungu hicho kisirudi jikoni. Mrututu ni sumu.