Mnada wa Ng'ombe Ulikuwa Shule ya Bei: Somo Kutoka Karagwe na Kyerwa

Leo twende mnadani.

Kaa na wazee wa Karagwe na Kyerwa (zilikuwa wilaya moja hadi 2012), waulize habari za mnada wa zamani. Hawamalizi! Watu walitoka na mifugo usiku, kwa miguu, fimbo mkononi. Wakifika, uwanja umeshajaa: ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu, mbuzi, madalali, mama ntilie, wauza kamba, chumvi na vitenge. Pembeni kuna rubisi kwa wale walioshauza.

Huku ng'ombe hakuanza kama bidhaa. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, ng'ombe alikuwa heshima, mahari na zawadi ya kufunga urafiki. Baadaye wakoloni walipodai kodi kwa fedha, mfugaji akalazimika kugeuza mfugo kuwa hela.

Mnada ulimsaidiaje? Bei ilikuwa wazi. Hata mwenye mbuzi mmoja alizunguka kwanza, akaona wa jirani ameuzwa ngapi, ndipo akafungua mdomo. Mkishapatana mnashikana mikono mbele ya watu. Ukigeuka, una mashahidi.

Leo wengi tunauzia nyumbani. Januari imefika, ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016 lakini sare, madaftari na godoro la bweni havijafutwa. Dalali anakuja na bodaboda, anakuta una shida, anataja bei yake. Huna wa kumlinganisha naye. Unakubali, na mtaji wa miaka mitatu unaondoka kwa bei ya kutupa.

Tuchukue nini kwa wazee?

1. Usiuze kabla ya kuuliza. Nenda mnadani wiki moja kabla, mikono mitupu, ukasikilize bei tu. Huwezi kwenda? Pigia simu watu watatu.

2. Usisubiri shida. Januari kila mtu anatafuta hela ya shule, wauzaji wanakuwa wengi. Krismasi na Idi nyama inatafutwa. Panga kuuza wakati mnunuzi ndiye mwenye haraka.

3. Ukinunua, kagua. Pua ya ng'ombe mzima ina unyevu, manyoya yanang'aa, anacheua, anatembea bila kuchechemea. Mtazame meno ujue umri. Mnada wenye mizani? Mpime.

4. Karatasi ndiyo shahidi wa leo. Dai risiti ya ushuru na kibali cha kusafirisha mifugo. Bila hivyo ukikamatwa njiani, faida yote imekwisha.

5. Huna mfugo? Usibaki nyumbani. Fikiria aliyetoka kulipwa anahitaji nini kabla ya kurudi kwake: chakula, sabuni, dawa ya kupe, nguo ya mtoto. Panga meza yako kwenye njia anayopita akitoka, siyo anapoingia. Akiingia bado hana hela.

Na hili si la ng'ombe tu. Anayeuza maharage Omurushaka, ndizi Nkwenda au vitenge Murongo mpakani, sheria ni ile ile: anayejua bei moja tu ndiye anayepunjwa.

Je, gulio la kwenu ni siku gani, na mbuzi anauzwaje? Tuambie, mwenzako ajue bei kabla hajagongewa mlango.