Kukipima Chombo cha Kutungia Taarifa

JasperReports, kilichoanzishwa na Teodor Danciu mwaka 2001, ni chombo cha watungaji wa programu za lugha ya Java, ambacho huchukua habari kutoka katika kanzidata na kuzipanga katika kurasa za kuchapwa.

Wengi hukipima kwa uzuri wa kurasa hizo, na kipimo hicho hakitoshi. Chombo hiki hufunga hesabu ya fungu kila jina la fungu linapobadilika, wala hakizipangi habari ila kiamriwe. Mathalani, orodha ya wanafunzi ikiletwa kwa wilaya za Tanga, Pangani, kisha Tanga tena, Tanga itachapwa mara mbili, kila mara kwa jumla pungufu. Msomaji aishiaye kwenye jumla ya kwanza amekwisha danganyika, ingawa hakuna tarakimu iliyokosewa. Na jumla kuu iliyo mwishoni, kwa kuwa ni sahihi, huzidi kulificha kosa.

Basi anayekijaribu yampasa akipe kwa makusudi habari zilizovurugika, kisha ahesabu kwa mkono. Dawa yenyewe ni nyepesi: habari ziagizwe kutoka katika kanzidata zikiwa zimekwisha pangwa kwa wilaya.