Thamani ya Kutajwa Mtandaoni

Mtu afunguaye tovuti siku hizi, iwe ya duka, ya nyumba ya wageni au ya chama cha ushirika, aghalabu hudhani kwamba akiisha kuipamba kwa picha na maneno mazuri wateja watamjia wenyewe. Kisha hukaa miezi, akaandika katika Google jina la bidhaa auzayo, akaikuta tovuti yake imetupwa ukurasa wa tano, mahali wafikapo wachache mno. Sababu ya msiba huo si lazima iwe ubaya wa tovuti. Mara nyingi ni kwamba hapana mwingine aliyeitaja.

Asili ya jambo hili ni elimu, wala si biashara. Mwaka 1964 Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alitoa fahirisi ya maandiko ya sayansi iliyoonyesha ni nani aliyemnukuu nani, hata ikawezekana kujua ni makala zipi wataalamu wenyewe huzitegemea. Miaka thelathini na ushei baadaye wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walioianzisha Google baadaye, walilichukua wazo la jinsi hiyo wakalitia katika intaneti. Chombo chao cha kwanza, cha mwaka 1996, kilichungua viungo, yaani zile linki ambazo ukurasa mmoja huuelekezea mwingine, na mwaka 1998 wakaieleza hadharani hesabu yake iitwayo PageRank. Kila ukurasa una uzito wake, na uzito huo hugawanywa baina ya viungo vyote vitokavyo humo. Kwa hiyo ukurasa wenye hadhi uelekezao kwa watatu humpa kila mmoja fungu nono, ilhali uelekezao kwa mia tatu huwagawia makombo.

Kiungo, basi, ni shahada, na Google huipokea kama kadhi apokeavyo shahada barazani, asihesabu vichwa vya mashahidi tu bali auulize uadilifu wao na ujuzi wao wa jambo wanalolishuhudia. Mashahidi wa kununuliwa wapo pia, na kisa chao kimoja kilicho mashuhuri kilitokea Marekani mwaka 2011. Duka kubwa la J. C. Penney lilikuwa likishika nafasi ya kwanza, mwezi baada ya mwezi, kwa maneno ya kawaida kabisa kama magauni, matandiko na mazulia, mpaka gazeti la New York Times likataka kujua siri yake. Ikaonekana kuwa maelfu ya viungo vilikuwa vimepandwa katika kurasa zisizohusiana na nguo hata kidogo, nyingine za kamari, nyingine za nyumba zinazouzwa Bulgaria, ambamo maneno ya magauni yalisimama peke yake bila maana wala murua. Kampuni ilikana kuijua hila hiyo ikamfukuza wakala wake. Google nayo ilitoa adhabu mwezi wa Februari, na kwa neno la mabegi ya safari ya Samsonite duka lile likaporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 kwa muda wa saa mbili hivi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, ikatokea kanuni iliyoitwa Penguin, ambayo kazi yake ilikuwa kuwasaka wenye vitendo vya namna ile popote walipo.

Ni kweli kwamba Google leo hutazama mambo mengi mengineyo, na kiungo hakina tena enzi kiliyokuwa nayo mwaka 1998. Walakini hakijavuliwa cheo.

Namna ya kuvipata viungo kwa halali ni moja, nayo ni ngumu: kuwa na kitu ambacho wengine watakihitaji. Tuseme mtu ana nyumba ya wageni Pangani. Picha za vitanda vyake hazitamshawishi mwandishi yeyote kumtaja, kwa kuwa vitanda viko kila mahali. Bali akiandika ukurasa unaoeleza safari ya Maziwe, kile kisiwa cha mchanga kinachofunikwa maji yakijaa, akaonyesha nyakati za kujaa na kupwa kwa kila mwezi, siku za bamvua na za maji mafu, na saa ambayo mashua yafaa ing'oe nanga, hapo wenye kampuni za utalii, waandishi wa safari na hata walimu wa jiografia watauelekezea wasomaji wao, kwa sababu unawapunguzia taabu. Kazi iliyobaki ni kuwaandikia kwa adabu kuwajulisha kwamba ukurasa huo upo. Nionavyo mimi, kiungo kimoja cha chuo au cha gazeti lenye heshima kitamfaa kuliko mia vya kurasa zisizosomwa na mtu.

Kulipia tangazo si haramu, mradi kiungo kiwekewe alama ya kwamba kimelipiwa, nayo Google imeiwekea namna yake maalumu tangu mwaka 2019. Haramu ni kuyaficha malipo.

Basi wewe mwenye tovuti, akikujia mtu kukuuzia viungo elfu kwa bei ya sahani ya pilau, mtake kwanza orodha ya kurasa vitakamowekwa, uzifungue na kuzisoma mwenyewe. Akikataa kukuonyesha, usimpe hata senti.